Jino lako, mwanangu

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Umeniuliza kama unaruhusiwa kupiga mswaki upande ule ambao daktari ameanza kukutibu mzizi na kuziba kwa muda. Ndiyo, piga, asubuhi na usiku, kwa mswaki laini na mkono mwepesi. Uzi wa meno ukishaupitisha, uchomoe kwa pembeni, usiunyanyue, usije ukang'oa ile dawa ya kuzibia. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi. Tafunia upande wa pili. Ukivimba, ukipata homa, au ile dawa ikidondoka, usingoje tarehe, rudi siku hiyohiyo.

Lakini kilichoninyima usingizi ni lile neno la mwisho: "haliumi tena, baba." Hata langu liliacha kuuma.

Ule mwaka wa sendoff ya dada yako, kadi yenye tarehe ya kurudi niliichomeka kwenye Biblia. Kahawa ilikuwa imeiva, vibarua wanadai, na jino limetulia kabisa. Wiki mbili zikawa miezi minne. Kutokuuma si kupona, mwanangu. Mshipa wa fahamu wameshautoa, sasa jino litakuambiaje kwamba dawa ya juu imelika na mate yanapenya ndani na vijidudu vyake?

Ijumaa, kesho yake sendoff, nikanunua hindi la kuchoma Kiborloni. Mara ya tatu kung'ata nikasikia "ka!" Nikatema kiganjani: kipande cha gego, upande mmoja cheupe, upande wa pili cheusi kama mkaa. Usiku shavu likaumuka mpaka jicho likafumba.

Unakumbuka nani alisimama kusema maneno ya baba. Baba yako mdogo. Mimi nimekaa meza ya mbele, leso shavuni. Alisoma karatasi yangu vizuri, simlaumu, ila aliruka mstari mmoja, ule wa bibi yenu kumbeba dada yako mgongoni hadi kliniki kwenye mvua ya masika. Mstari ule ndio niliouandikia karatasi nzima. Mpaka leo sijamwambia dada yako.

Mama yako anasema nakutisha bure. Huenda. Lako wamelianza mapema, langu lilikuwa limeoza sana, na wewe huna shamba la kukushika. Halafu nawaza: una kazi, na kazi ni shamba vilevile. Kutokuuma si kupona.

Unasema tarehe 14, siku yako ya kurudi kwa daktari, ofisi inakutaka Dodoma. Una mke na watoto, sikuamulii. Nilikuwa nimeshaandika "usiende," nikakata, utaiona hapo chini ya wino. Ila simu ya kumuuliza daktari kama ana nafasi tarehe 12 ni ya dakika mbili. Na wakimaliza kuziba mizizi, uliza habari ya kofia, kile kifuniko kigumu cha kulivika jino, maana jino la namna hiyo linakuwa dhaifu, hupasuka kwa kitu kidogo tu. Hindi hata sinia la karanga wakupitishie mbali mpaka hapo.

Mama yako amemwagiza dereva wa Hiace ya asubuhi mkungu wa ndizi. Mwambie mkeo akupikie mtori, aponde mpaka ulainike kabisa, na mfupa autoe.

Baba yako