Kushusha pikapu: usikate springi

Ndugu wa Masasi, unataka kuishusha kwa inchi mbili Hilux yako yenye tosheni baa (fimbo za chuma zinazojipinda, zinazofanya kazi ya springi mbele), na fundi amekushauri akate springi za nyuma. Mkatalie. Na asizipashe moto: chuma hupoteza ugumu, springi hulala au hukatika.

Mbele, inua kwa jeki, weka stendi, magurudumu yaning'inie. Piga alama kwenye bolti za kurekebishia tosheni baa, legeza pande zote sawasawa. Shusha gari, lisukume mbele na nyuma ndipo upime. Ukipima papo hapo utadanganyika. Alaimenti (kunyoosha magurudumu) ni lazima, la sivyo tairi zitalika upande wa ndani.

Nyuma chungulia kwanza. Springi ikipita chini ya ekseli (mhimili wa magurudumu), bloku, yaani kipande cha chuma kinachowekwa kati ya springi na ekseli, inashusha; ikipita juu, bloku hiyohiyo inainua! Tumia yu-bolti mpya (bolti za umbo la U zinazofunga springi na ekseli), uzikaze tena baada ya siku chache. Usipandanishe bloku.

Kama kuna valvu ya breki yenye mkono ulioshikana na ekseli, irekebishe. Gari likishuka, valvu huona kama limepakia mzigo na kupeleka nguvu zaidi ya breki nyuma, hivyo ukikanyaga breki magurudumu ya nyuma hujifunga mapema, hatari sana kwenye utelezi.

Ukibeba korosho msimu huu, ishia inchi moja. Zaidi ya hapo ekseli itagonga chasisi kila tuta.