"Wadudu watano" na "hana malaria"

SWALI: Mama alipimwa damu akaambiwa ana "wadudu watano wa malaria". Mdogo wangu, ambaye naye alikuwa na homa, akaambiwa "hana malaria". Je, kauli hizi ni Kiswahili sanifu?

JIBU: Kisarufi hazina dosari. Kasoro imo katika "ana" na "hana", maneno yanayomzungumzia mgonjwa mzima, ilhali mpimaji aliona tone la damu tu.

Neno la kitaalamu ni vimelea, ingawa "wadudu" limeshazoeleka kwenye madirisha ya maabara na sioni haja ya kulipiga vita. Kinachopotosha ni idadi. Mpimaji hutazama tone nene la damu kwa darubini, akihesabu vimelea sambamba na seli nyeupe za damu hadi seli hizo zifike 200, na "watano" ni wale waliohesabiwa humo tu. Kwa kadirio la kawaida la seli nyeupe 8,000 katika kila mikrolita (sehemu moja ya milioni ya lita) ya damu, hao watano ni sawa na vimelea 200 kwa mikrolita, na mtu mzima mwenye lita 5 za damu atakuwa amebeba vimelea bilioni 1 hivi. Nimewasikia watu wakisema "ni watano tu" huku dozi imeachwa nusu. Ningependa cheti kiandikwe: "Vimelea 5 vimeonekana kwa seli nyeupe 200."

Kauli ya pili yahitaji uangalifu zaidi, na kitenzi kinachoifaa ni hicho hicho "kuonekana". Tukisema "vimelea havikuonekana", tunaripoti kipimo kilichokwisha kufanyika. Tukisema "havijaonekana", kiambishi -ja- kinaacha mlango wazi, kwani huenda vipo vichache mno kuonwa leo. Kwa mdogo wako, ikiwa homa haijashuka, hii ya pili ndiyo inayosadifu, maana mgonjwa wa namna hiyo hutakiwa kurudi kupimwa tena.

Kipimo cha haraka, kile cha kuchoma kidole na kusubiri mistari, kina mtego wake. "Chanya" hapa si sifa njema. Ni istilahi inayoeleza kuwa kinachotafutwa kimeonekana. Aina nyingi za kipimo hicho hutafuta protini ya kimelea, nayo huweza kubaki katika damu wiki kadhaa baada ya mgonjwa kutibiwa na kupona, hivyo mistari miwili haitoshi kuthibitisha kwamba dawa imeshindwa. Andika "kipimo ni chanya", wala usiandike "mgonjwa ni chanya". Na mstari wa uthibitisho, ule unaoonyesha kuwa kipimo chenyewe kimefanya kazi, usipojitokeza, hakuna chanya wala hasi: kipimo hicho ni batili, na kidole kitachomwa upya.