Kabla Hujamwandikisha Mtoto Shule ya Parokia

Ikifika Novemba simu yangu haitulii. "Mwalimu, ile shule ya masista ni nzuri? Nimlete mtoto?" Wanaouliza ni majirani wa Changamwe na Mikindani, na wengine niliwasomesha wao wenyewe, sasa wana watoto wa kupeleka PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Nimefundisha Kiswahili na dini miaka mingi katika shule ndogo ya parokia huku bara, ng'ambo ya Makupa, basi watu wananiona kama wakala wa kila shule ya Kikatoliki Mombasa. Jibu langu huwachosha, maana nami huanza kwa kuuliza: hiyo shule ni ya nani?

Kibao chenye jina la mtakatifu langoni hakikwambii mengi. Zipo shule za serikali ambazo Kanisa ni mfadhili tu. Huko walimu wameajiriwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, mwalimu mkuu amewekwa na TSC, na masomo hayalipiwi karo tangu 2003. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili kiti kwenye bodi na kazi ya kushauri mambo ya kiroho, kwa sharti kwamba imani za watoto wengine ziheshimiwe. Halafu zipo shule za binafsi, za parokia au za shirika la masista, na hapa hesabu ni nyingine kabisa: mshahara wa mwalimu, chaki, maji ya bauza na bili ya stima vinatoka kwenye karo unayolipa wewe na jirani yako. Kuna wazazi wanaoamini kwamba pesa zinaletwa kutoka Roma. Jamani, Roma haina habari hata kwamba paa la Gredi ya Tatu linavuja.

Ukishajua ni ya nani, uliza walimu wamekaa muda gani. Kwangu hili ndilo swali lenyewe. Mengine yote yanalifuata nyuma. Shule yenye darasa moja kwa kila gredi, watoto 25 hivi kila chumba, haina mwalimu wa akiba. Katika shule kubwa mwalimu wa Gredi ya Nne akiondoka, wa mkondo wa pili anashika pengo. Kwetu akiondoka, mwalimu wa Gredi ya Tano anaanza kukimbia kati ya vyumba viwili, na watoto wa pande zote mbili wanakaa wakinakili ubaoni.

Na walimu huondoka. Mwalimu wa shule ya parokia ana namba yake ya TSC na anangoja tangazo. Simlaumu, kazi ya serikali ina bima na pensheni, na mshahara wake haungoji mzazi auze samaki kwanza. Mapema 2023, TSC ilipoajiri makumi ya maelfu ya walimu kwa ajili ya Sekondari Msingi, shule za binafsi ndogo zilitikisika muhula ukiwa ndiyo kwanza umeanza. Zilizosimama ni zile zenye wazee wao watatu wanne, walimu waliokaa kwa sababu zao: mmoja amejenga karibu, mmoja ni sista, mwingine anaipenda shule tu na hawezi kukueleza kwa nini.

Jinsi ya kujua haya? Ofisini utaambiwa walimu wote wapo na wana ari. Muulize mpishi. Mpishi anajua ni sahani ngapi za walimu anazopakua, na anakumbuka nani alikula hapo mwaka juzi na hali tena. Bawabu naye anajua.

Kisha omba kuona daftari. Sisemi vitabu vipya kabatini wala ile kompyuta iliyofunikwa kitambaa. Omba daftari la insha la mtoto yeyote wa Gredi ya Nne au ya Tano, la muhula uliopita. Fungua katikati. Tazama tarehe: kazi ya wiki iliyosahihishwa wiki hiyohiyo ina wino mwekundu karibu na tarehe ya mtoto, ile iliyorundikwa hadi mwisho wa muhula ina alama za vema zinazofanana, zimepigwa kwa pupa, ukurasa baada ya ukurasa. Halafu tazama kama mwalimu amesoma kweli. Mtoto wa huku anaandika "kiti yangu imevunjika" kwa sababu ndivyo anavyosikia kwenye matatu. Mwalimu aliyesoma amepiga mstari, ameandika "changu, kimevunjika" pembeni, na chini yake utaona mtoto ameirudia sentensi yote kwa mkono wake. Ukiona hivyo mara nne tano katika daftari moja, lipa karo. Shule ikikataa kukuonyesha daftari hata moja, rudi nyumbani ukafikiri.

Kuhusu siku yenyewe ya kwenda kutazama: usije siku ya wazazi. Siku hiyo tumefagia, tumepaka mawe chokaa, na watoto wa PMC, chama cha watoto cha Kanisa, wameshavaa tayari kucheza mbele ya padri. Njoo Jumatano yoyote ya Februari, saa saba mchana, joto likiwa limeshika mabati na kila mtoto kichwa kimeanguka kwenye dawati. Pita madirishani. Mwalimu mzuri saa hizo amewatoa nje, anasoma nao hadithi chini ya mti, au amewasimamisha wanaimba ngeli. Kwetu mti ni mkungu, na nakuonya mapema: utafua. Watoto wanaokota kungu, wanazitafuna, wanazipondaponda kwa mawe wapate kokwa, na maji yake yakishika shati jeupe hayatoki kwa sabuni yoyote ninayoijua. Nunua shati la pili. Sweta usinunue hata likiwa kwenye orodha. Sijui nani aliyeleta fikra ya sweta Mombasa.

Watoto huwa wanaishije humo ndani? Asubuhi ni paredi, wimbo wa taifa siku za bendera, sala, kisha "Tumsifu Yesu Kristo" na jibu la "Milele amina" linalosikika hadi barabarani. Saa sita kamili kengele inalia kwa sala ya Malaika wa Bwana na hata waliokuwa wakigombania mpira wanasimama. Kuna Misa ya shule, na hapo ndipo udogo wa shule unapomfaa mtoto. Shule ya watoto elfu moja ina wasomaji wake wanne hodari, ni walewale mwaka mzima. Sisi hatuna wingi huo. Somo la kwanza litasomwa na Gredi ya Nne, na zamu itamfikia hata yule anayeongea na kola yake. Nilikuwa na binti mmoja mwenye kigugumizi aliyepewa maombi ya waamini, mstari mmoja tu. Aliusema kwa muda mrefu. Kanisa zima la watoto lilingoja, hakuna aliyecheka, kwa sababu wote walimjua tangu PP1. Kufika Gredi ya Sita alikuwa akisoma Zaburi.

Lakini kujuana huko kuna upande wake wa pili. Mtoto akigombana na mwenzake hakuna mkondo wa pili wa kumhamishia; watakaa chumba kimoja hadi wamalize. Na akipewa jina la utani la kuudhi akiwa Gredi ya Kwanza, litamfuata. Mzazi, ukisikia jina la namna hiyo nyumbani, njoo useme wiki hiyohiyo, tena umwambie mwalimu wa darasa kabla ya kwenda kwa mwalimu mkuu. Katika shule ndogo malalamiko yaliyoruka mtu hugeuka uhasama, na uhasama wa watu wazima kumi hauna pa kujificha.

Wazazi Waislamu huniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaomba kitu cha aibu. Watoto wao wapo kwetu, tena wengi. Hii ni Mombasa. Uliza wazi kabla ya kulipa: kuna mwalimu wa IRE, yaani dini ya Kiislamu, au mtoto atakaa maktaba wakati wa CRE, somo la dini ya Kikristo? Ijumaa anaruhusiwa saa ngapi? Mtandio je? Wakati wa Misa atakuwa wapi, na nani atakaa naye? Majibu yatofautiana shule hadi shule, kwa hiyo yapate kwa maandishi, maana mwalimu mkuu aliyekuahidi kwa mdomo anaweza kuhamishwa na shirika lake Desemba. Mahali wanapojali utawatambua kwa vitu vidogo. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza siku chache tu kabla ya Jumatano ya Majivu, na mwalimu wetu wa michezo akahamisha vipindi vyote vya kukimbia viwe asubuhi, bila barua wala mkutano. Wakatoliki wetu wakubwa waliokuwa wameacha peremende kwa Kwaresima walijiona wafungaji hodari mpaka walipoambiwa wenzao hawanywi hata maji.

Kuna jambo moja linaloniudhi nitaliweka wazi. Wapo wanaomleta mtoto shule ya masista "anyooshwe". Mama mmoja aliniletea mwanawe na fimbo yake, amemshika mkono huku, fimbo mkono ule. Sheria hiyohiyo ya 2013 imekataza kumpiga mwanafunzi, na haikuacha mlango wa nyuma kwa wenye rozari. Nidhamu ya shule ndogo inatokana na kwamba ukikosa asubuhi, mchana mpishi ameshajua, na jioni mama yako ameshaulizwa sokoni. Inatosha, na wakati mwingine inazidi.

Karo sasa. Wengi wa wazazi wetu wanakula kwa bandari: madereva wa malori, makarani wa kampuni za kusafirisha mizigo, mama lishe wa Magongo. Agizo la 2019 la kupeleka makasha bara kwa reli ya SGR lilipokuja, malori yalilala na karo ikalala nayo, na tukaona watoto wakipungua darasani kabla ya magazeti kumaliza kuandika habari zake. Ninachokushauri ni kimoja: mambo yakiharibika, njoo ofisini kabla hujaitwa. Sema utalipa kiasi gani na lini, hata kama ni mia tano kwa wiki kwa M-Pesa, kisha uifuate ahadi hiyo. Anayekuja mapema husikilizwa, kwa sababu mhasibu anajua hesabu yake aipangeje. Anayezima simu hadi mtihani ukaribie ndiye mtoto wake anarudishwa nyumbani, nami hilo silipendi, ila ninajua pia kwamba mwalimu wa Gredi ya Pili hajalipwa.

Jambo la mwisho ni la makaratasi na najua utaliruka, usiliruke. Shule nyingi za aina yetu huishia Gredi ya Sita. Uliza siku ya kwanza kama kuna Gredi ya Saba hadi ya Tisa, na kama ipo, nani anafundisha sayansi na maabara iko wapi. Kama haipo, anza kutafuta mtoto akiwa Gredi ya Tano. KPSEA, tathmini ya taifa ya mwisho wa Gredi ya Sita, haimzuii mtoto kuendelea, lakini alama zake hazitupwi: asilimia 20 huingia kwenye hesabu ya kumpanga Gredi ya Kumi, pamoja na tathmini za shuleni za Gredi ya Saba na ya Nane na mtihani wa KJSEA wa Gredi ya Tisa. Kwa hiyo wanaosema "hiyo ya Gredi ya Sita ni ya kujifurahisha" usiwasikilize.

Na ili asajiliwe KNEC, baraza la mitihani, jina lazima lilingane na cheti cha kuzaliwa. Hapa ndipo shule za Kanisa tuna ugonjwa wetu. Cheti cha ubatizo kinasema Bernadeta, cheti cha kuzaliwa kinasema Bernadette, kadi ya kliniki inasema Kadzo peke yake, na darasani kila mtu anamwita Betty. Miaka sita hakuna anayejali. Kisha usajili unafunguliwa, na baba yuko safarini Malaba na lori, na mama anapanga foleni siku tatu kurekebisha herufi mbili. Siku ya kumwandikisha leta cheti cha kuzaliwa, si cha ubatizo, na umwangalie karani akiandika jina herufi kwa herufi. Kama cheti huna, omba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mtoto akiwa bado PP1. Kikitoka, shuleni peleka nakala; chenyewe kikae nyumbani, mahali pasipofika maji ya mvua wala panya.