Usugu si ukali: maswali yenu kuhusu bakteria wa hospitalini

Baba amelazwa, tumeambiwa amepata bakteria sugu. Je, huyo ni mkali kuliko wengine?

Si lazima. Usugu ni kustahimili dawa: bakteria huivunja, huitema nje ya seli, au hubadilisha sehemu ambayo dawa hunasia. Ukali ni uwezo wa kuudhuru mwili, kwa sumu au kwa ganda la ute linalomkinga asimezwe na chembe nyeupe za damu. Acinetobacter baumannii mara chache humdhuru mtu mwenye afya, lakini akimpata mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, dawa za kumtibu huwa chache mno. Kinyume chake, Klebsiella pneumoniae wa aina kali huweza kumpa mtu mzima wa afya jipu la ini, na kwa miaka mingi dawa za kawaida zilimweza.

Kinachonitisha ni sifa hizo mbili kukaa ndani ya bakteria mmoja. Mwaka 2016, katika hospitali moja ya Hangzhou, China, wagonjwa mahututi 5 waliambukizwa Klebsiella aliye mkali na sugu hata kwa karbapenemu, dawa tunazozitunza kwa hali mbaya. Wote 5 walifariki.

Usugu huo anautoa wapi?

Mara nyingi kwa mwenzake. Bakteria hupeana plasmidi, vipande vidogo vya DNA, hata kama si wa jamii moja. Kisha antibayotiki huua walio dhaifu, na waliopokea usugu wakabaki kuzaliana bila mshindani.

Sisi ndugu tufanye nini wodini?

Naweni mikono kabla na baada ya kumgusa. Acinetobacter huishi wiki kadhaa kwenye sehemu kavu kama kingo za kitanda. Halafu kila siku ulizeni, kwa upole: "Mpira wa mkojo bado anauhitaji?" Nalisisitiza hili kwa sababu bakteria hujijengea utando juu ya mipira hiyo, dawa zikashindwa kupenya vizuri. Mpira ukitolewa mapema, mlango mmoja umefungwa.

Nimepimwa, nina MRSA (bakteria Staphylococcus aureus aliye sugu kwa methisilini) puani lakini siumwi. Ninywe dawa?

Usijinunulie dawa. Kumbeba si kuugua. Ila ukipangiwa upasuaji, mwambie daktari mapema. Huenda akakupa marhamu ya kupaka puani siku chache kabla.