Taya linalia na kuuma: kwa mtaalamu wa kiropraktiki utapimwa nini, na utatibiwa vipi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Tanga, nina miaka 33. Taya langu la kushoto linalia "tak" kila nikifungua kinywa, sasa ni zaidi ya miaka miwili, ila lilikuwa haliumi. Tangu mwezi wa pili nikiamka asubuhi nasikia maumivu mbele ya sikio yanayopanda hadi kwenye panja, na mara mbili nilipopiga miayo taya lilikwama kwa sekunde chache kisha likaachia. Katika kliniki moja niling'olewa gego la juu upande huohuo, maumivu hayakuondoka. Sikio limetazamwa, halina kitu. Ndugu yangu aliyeko Mombasa ananihimiza nije kwa mtaalamu wa kiropraktiki, yaani anayetibu uti wa mgongo na viungo kwa mikono. Mnapima nini hasa? Mnavunja taya kama mnavyovunja shingo? Na ile kinga ya meno ya wanamichezo, nikiinunua na kulala nayo itanisaidia?

JIBU: Marahaba mwalimu. Pole kwa maumivu, na pole kwa gego.

Nianze na hilo gego, maana habari kama yako hunikera kila nikiisikia. Msuli mkubwa wa shavu, ule unaovimba ukibana meno kwa nguvu, ukielemewa hupeleka maumivu kwenye magego ya juu na ya chini. Mtu anaonyesha jino kwa kidole na kuapa kuwa ni lilelile, kumbe jino lenyewe ni zima. Jino ambalo likigongwa haliumi, likipata maji baridi haliumi, na picha haionyeshi tundu wala usaha, lisiguswe mpaka taya na misuli yake vipimwe kwanza. Ndiyo sababu kwenye matatizo ya taya nashikilia jambo moja: tuanze na tiba ambayo isipofaa tutaiacha na mgonjwa abaki kama alivyokuja. Kung'oa, kuchonga meno ili yakutane vizuri, kupasua kiungo, hayo hayarudi nyuma.

Sasa huo mlio. Kiungo cha taya kiko mbele tu ya sikio. Kichwa cha mfupa wa taya la chini kinakaa ndani ya kishimo cha fuvu, na baina yao kuna kisahani cha gegedu ambacho kichwa hicho hukivaa kama kofia. Ukianza kufungua kinywa mfupa unazunguka palepale. Ukizidi kufungua unateleza kwenda mbele, na kofia inateleza nao. Kwako inaelekea kofia imetangulia mbele kidogo. Ukifungua, mfupa unaingia tena chini yake, ndipo unaposikia "tak", ukifunga, unachomoka. Watu wengi sana wana mlio huo na wanaishi nao miaka bila maumivu, na mlio peke yake hautibiwi. Ukikutana na mtu anayekuuzia tiba ya kuondoa mlio usiouma, mwache.

Yaliyonifanya niisome barua yako mara mbili ni maumivu ya asubuhi na kule kukwama. Maumivu yanayokuwa makali unapoamka hunipeleka kwenye kubana au kusaga meno usingizini. Yangekuwa yanazidi jioni ningefikiria zaidi unavyotumia taya mchana. Kukwama kwa sekunde chache kuna maana kofia inachelewa kurudi mahali pake. Ikifika siku ikagoma kabisa, mlio utapotea ghafla, kinywa kitafunguka nusu, na taya litavutwa kushoto kila ukijaribu. Hapo usifurahi kwamba kelele imekwisha. Nenda ukaonekane wiki hiyohiyo, kwa sababu kofia iliyogoma kwa siku chache huachia kwa mkono kwa urahisi kuliko iliyogoma kwa miezi.

Umeuliza tunapima nini. Mtu atakayekushika taya kabla hajakuuliza maswali ya kutosha, shuka kitandani. Atataka kujua kama uliwahi kuanguka na kidevu au kupata ajali ya bodaboda, kama ulikaa muda mrefu na kinywa wazi kwa daktari wa meno, unalalaje, unatafuna nini na kwa muda gani. Hapa Mombasa kwa vijana naanzia kwenye miraa na mugukaa: taya linafanya kazi saa nyingi mfululizo upande mmoja, na juu yake wanaongeza jojo la kupunguza uchungu. Kwenu mirungi hairuhusiwi, lakini jojo ni lilelile. Mwalimu pia nitamuuliza kuhusu sauti, maana kuzungumza kwa nguvu mbele ya darasa kubwa siku nzima ni kazi kwa misuli hiyohiyo. Na nitakuuliza kuhusu usingizi na mambo yanayokusumbua moyoni. Si udadisi. Mtu mwenye wasiwasi hubana meno bila kujijua.

Baadaye ndio mikono. Nitaweka rula kati ya ncha za meno yako ya mbele na kuandika namba. Mtu mzima kwa kawaida hufungua milimita 40 na zaidi. Chini ya 35 kuna kizuizi. Nyumbani unaweza kujipima kwa vidole vyako vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, vikiwa vimepangwa juu kwa juu: viingie bila kusukumwa. Nitatazama kidevu kinapitia njia gani. Kikienda kushoto, mlio ukatokea, kikarudi katikati, inalingana na kofia inayochomoka na kurudi. Kikienda kushoto na kubaki huko, kofia imegoma, au kuna kitu kingine. Halafu nitakusaidia kufungua zaidi kwa vidole viwili, polepole: kikiongezeka milimita kadhaa kwa ulaini, kinachozuia ni msuli, kikikataa katakata, kizuizi kimo ndani ya kiungo.

Kuna kipimo kidogo ninachokipenda kwa sababu hakihitaji mashine. Nakupa kijiti cha mbao, kile cha kubania ulimi, ukiume kwa magego ya kulia. Ukiuma kulia, kiungo kinachobanwa zaidi ni cha kushoto. Maumivu yakiamka mbele ya sikio la kushoto, kiungo chenyewe kinalalamika. Kisha unauma kwa kushoto. Kiungo kikipata nafuu lakini shavu likauma, msuli umejitaja. Mara nyingi vyote viwili vimo.

Nitabonyeza pia msuli wa shavu na wa panja kwa nguvu ya kama kilo moja, na juu ya kiungo kwa nusu ya hiyo. Swali litakuwa moja kila ninapobonyeza: "Je, haya ndiyo maumivu yako yale ya siku zote?" Karibu kila mtu ataumia akibonyezwa mahali fulani. Ninachotafuta ni maumivu unayoyatambua. Hilo limo katika vigezo vya kimataifa vya uchunguzi wa taya vilivyochapishwa mwaka 2014, na limewaepusha wengi na tiba ya mahali pasipougua.

Shingo haiachwi. Neva tatu za juu za shingo hukutana na neva kuu ya uso katika kiini kimoja, kinachoanzia kwenye shina la ubongo na kushuka hadi usawa wa pingili za juu. Kwa hiyo shingo iliyokakamaa inaweza kusikika kwenye panja na taya, na taya likasikika shingoni. Picha si lazima mwanzoni. Eksirei ya meno inafaa pale jino linaposhukiwa. Kofia yenyewe huonekana kwa MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, lakini watu wasio na maumivu yoyote pia hukutwa imesogea, hivyo picha bila dalili isikutishe.

Kuna hali ambazo mimi siyo wa kuonwa, na ninataka uzisome hata kama hazikuhusu, maana wanafunzi wako wana wazazi na babu. Taya linalokakamaa siku kadhaa baada ya jeraha, na shingo au mgongo ukaanza kukaza, ni pepopunda mpaka ithibitishwe vingine: hospitali, mara moja. Kinywa kisichofunguka pamoja na homa na uvimbe huenda ni usaha wa gego la mwisho. Taya linalojipinda ghafla baada ya kupewa dawa ya kuzuia kutapika ya metoklopramidi ni athari ya dawa, na inatibika haraka hospitalini. Mtu aliyepita miaka 50 ambaye taya linachoka na kuuma akitafuna, kichwa kinauma upya upande wa panja na macho yanafifia, asilale na hali hiyo. Huenda ni mishipa ya damu ya kichwani iliyovimba, na anaweza kupofuka. Taya linalouma mtu akipanda ngazi na kutulia akipumzika, huo huenda ni moyo. Na kinywa kilichobaki wazi hakifungiki ni kiungo kilichochomoka. Kinarudishwa na daktari, si jirani.

Tuje kwenye matibabu. Hapana, hatuvunji taya. Ninavaa glovu, naweka kidole gumba juu ya magego yako ya chini ya kushoto, na kuvuta taya chini taratibu kisha mbele kidogo, nikishikilia kwa muda mfupi na kuachia. Hakuna mlio unaotafutwa. Msuli wa shavu naukamata kati ya gumba lililo ndani ya shavu na kidole kilicho nje, nikibonyeza palipokaza mpaka palegee. Hapo huwa panauma, na una haki ya kuinua mkono nikaacha. Baadhi ya wenzangu husukuma taya kwa mkupuo mfupi wa haraka. Mimi kwa taya lililokwama kwama kama lako sifanyi, sioni sababu wakati njia ya polepole ipo. Wala sikuahidi kwamba nitairudisha kofia ikae moja kwa moja. Tunachotarajia ni maumivu kushuka, kinywa kufunguka vizuri, na kukwama kupungua. Mlio unaweza kubaki.

Kuhusu shingo niseme wazi, ingawa ni fani yangu. Kuizungusha shingo kwa kishindo ili ilie kumewahi kuambatana na kuchanika kwa mishipa ya damu inayopanda kwenye ubongo. Ni nadra, lakini matokeo yake yanaweza kuwa kiharusi, na taya halihitaji kishindo hicho. Shingo inaweza kulegezwa kwa mikono polepole na kwa mazoezi. Mwambie mtaalamu yeyote, "Shingo yangu usiivunje," naye akubali bila kununa. Na kinyozi anayemalizia kunyoa kwa kupindua shingo, mwambie hivyohivyo. Baada ya kushikwa shingo, ukipata maumivu makali mapya ya shingo au kichwa, kizunguzungu, kuona viwili viwili, ganzi ya uso au ulimi mzito, ni dharura.

Je, haya yana ushahidi? Desemba 2023 jarida la tiba la BMJ lilichapisha mwongozo juu ya maumivu sugu ya taya. Uliyapa uzito mkubwa mazoezi ya taya na ya mkao yanayosimamiwa, kulegeza kiungo na misuli kwa mikono, tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na mazoea, na huduma ya kawaida ya kumweleza mgonjwa na kumpa mazoezi ya nyumbani. Kusukuma kiungo kwa mkupuo kulipata uzito mdogo zaidi. Tiba hizo za mikono si mali ya kiropraktiki. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyejifunza taya anazifanya, kwa hiyo usivuke mpaka wa Horohoro kuja Kenya kabla hujauliza katika hospitali ya mkoa hapo Tanga. Ikifika mahali pa kuhitaji bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, Muhimbili wapo.

Ya nyumbani ni muhimu kuliko mikono yangu, kwani mimi nitakuwa nawe nusu saa. Midomo ifungwe, meno yasigusane, ncha ya ulimi ikae juu nyuma ya meno ya mbele, pale inapogusa ukitamka "na". Hapo ndipo taya linapopumzika. Una kengele ya shule: kila ikilia kubadili kipindi, kagua kama meno yamegusana, yaachanishe. Ulimi ukiwa juu hapohapo, fungua kinywa mpaka unapokaribia kubanduka, funga. Mara sita, na urudie mara sita kwa siku, kama alivyofundisha Mariano Rocabado, mtaalamu wa fiziotherapia wa Chile. Ukitaka kupiga miayo, kaza ulimi juu na weka ngumi chini ya kidevu. Taulo la uvuguvugu shavuni dakika 15 jioni. Jojo, muwa, mahindi ya kuchoma na nyama ngumu vipumzishe kwa wiki kadhaa. Nyama ikatwe ndogo, muhogo uchemshwe ulainike. Usilale kifudifudi. Siku maumivu yakizidi, ibuprofeni kwa siku chache inaweza kusaidia ikiwa huna vidonda vya tumbo, huna tatizo la figo na huna ujauzito. Nategemea uone tofauti ndani ya wiki nne hadi sita. Namba ya rula isiposogea wala maumivu yasiposhuka, mtaalamu wako abadili mpango au akupe rufaa, asikuuzie vikao vingine kumi.

Kinga ya wanamichezo usiinunue kwa kazi hiyo. Imetengenezwa kuzuia pigo la mpira au ngumi, ni laini, na baadhi ya watu wakilala nayo huitafuna usiku kucha wakaamka wanaumwa zaidi. Ipo kinga ngumu ya kulalia inayotengenezwa na daktari wa meno kwa kipimo cha kinywa chako. Mwongozo ule wa 2023 haukuipendekeza kama tiba ya maumivu sugu ya taya, ila kama meno yako yameanza kulika kwa kusagwa, inayalinda. Daktari wa meno akutazame kama yamelika. Kama yako sawa, weka pesa yako kwanza kwenye vikao viwili vitatu vya mikono na mazoezi.

Na usikubali kuchongwa meno.