Kutoka semi hadi mbio za malori

Mdogo wangu, umesema unaendesha semi, lori la tela, Arusha–Holili na unauliza kama uzoefu huo unatosha kuingia mbio za malori za Ulaya, zile za kwenye viwanja vya Nürburgring (Ujerumani) na Le Mans (Ufaransa). Peke yake hautoshi, ila una kitu kikubwa: unazijua breki.

Kule vinashindana vichwa vitupu bila tela, kila kimoja zaidi ya tani 5, injini za nguvu farasi zaidi ya 1,000, lakini mwendo umefungwa kilomita 160 kwa saa. Kwa hiyo kwenye njia iliyonyooka kukanyaga mafuta hakukusaidii sana. Kazi iko kwenye kona: nani anathubutu kuchelewa kushika breki. Unaujua mteremko wa Kikafu kwenye njia yako hiyo, lori linaposhuka na mzigo hadi unasikia harufu ya breki kuungua? Malori ya mbio yamefungwa tangi la maji linalonyunyizia breki, ndiyo maana yanafuka mvuke.

Anza na watu wa rali hapa hapa Arusha au Moshi, hata kama fundi au msoma ramani, kisha ufuatilie leseni ya mashindano. Na nakuomba sana, usijifunzie kona barabarani. Pale Kikafu kuna bodaboda na watoto wa shule.