Ukitaka kuzielewa tishu za mwili, anza na makongoro

Kwa kuwa nimewafundisha biolojia wanafunzi wa sekondari kwa muda mrefu, ninamshauri yeyote anayeanza mada ya tishu za wanyama asikimbilie kukariri majina manne, yaani epithelia (tishu inayofunika nyuso za mwili, za nje na za ndani), tishu unganishi, misuli na neva, bali ajiulize kwanza kuhusu kila moja: je, seli zake zimebanana, au zimetawanyika ndani ya kitu kingine?

Swali hilo hufumbua hasa tishu unganishi, ambayo huwatatiza wanafunzi kuliko nyingine zote, kwa sababu mfupa, kano, gegedu na damu havifanani hata kidogo kwa macho. Hata hivyo, katika vyote hivyo seli zimetengana, na kinacholeta tofauti ni kilichopo kati yake: kwenye mfupa ni nyuzi za kolajeni (aina ya protini) zilizokazwa na madini ya kalisiamu na fosfeti, na kwenye damu ni plazima, ambayo ni majimaji. Mafuta nayo ni tishu unganishi, lakini yana seli zilizosongamana, kwa hiyo ni vyema kuyasoma mwisho. Nunua kongoro la ng'ombe buchani, ulipasue kwenye kiungo, ulitazame gegedu jeupe na laini linalofunika ncha za mifupa, ambalo halina mishipa ya damu na kwa hiyo hupona polepole sana likijeruhiwa. Kisha lichemshe kwa saa kadhaa. Supu ikipoa itaganda, kwa kuwa kolajeni imegeuka jelatini.

Epithelia isome kwa kulinganisha umbo na kazi: ngozi ina tabaka nyingi kwa sababu husuguliwa, ilhali vifuko vya hewa vya mapafu vina tabaka moja jembamba ili oksijeni ipite upesi.

Kwenye misuli, uangalie moyo kwa makini, maana una mistari kama misuli ya mifupa, lakini haufuati hiari yetu. Kuhusu neva, inatosha kwanza kukumbuka kwamba uzi wa seli moja unaweza kutoka uti wa mgongo hadi kwenye wayo.

Baada ya hapo chora ukuta wa tumbo la chakula kutoka ndani kwenda nje, uonyeshe mahali pa kila moja ya tishu hizo nne bila kufungua daftari.